Antena Juu ya Kifuniko cha Sufuria

Elysée alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya kasho, chumba cha mahabusu cha polisi, maana mgongo wake haukuwa tena na mahali pa kulalia. Ndugu wa bosi wake aliyezama walimfikia ufukweni kabla ya polisi, na walimfikia na makasia. OPJ Myriam Kabulo, mpelelezi wa polisi, alimtazama kupitia nondo za mlango, akaona huruma, akaisukuma pembeni. Huruma haijawahi kufunga faili hata moja hapa Kalemie.

"Amka ukae," alimwambia. "Kesho asubuhi unaenda parke, kwa mwenye mashitaka. Ukitoka kule ni gereza. Weye ni mutu wa Ankoro, hapa hauna ndugu wa kukuletea hata muhogo. Unajua mwenye hana wa kumuletea chakula gerezani anakufa namna gani?"

"Najua, mama."

"Basi nielezee tena. Na usiniongezee chumvi."

Elysée alijiinua kwa viwiko. Alikuwa nahodha wa boti ya mbao ya André M'munga, mfanyabiashara aliyeteremka zamani kutoka pwani ya kaskazini ya ziwa. Walikuwa wameondoka Kalemie kwenda Moba na magunia ya unga, abiria watatu, na Abigaël, binti wa André, aliyekuwa anapelekwa bweni kwenye shule ya masista. Injini ilizimika ziwani. Upepo wa kusini ukaja, boti ikapinduka. Maji yaliwachukua wote, akabaki nahodha peke yake, amekumbatia dumu la mdomo mpana. Ndani ya dumu mlikuwa na simu ya bosi wake, na antena na waya wake, vikavu kabisa. Mtu akitoka peke yake kwenye maiti tano, tena na simu ya thamani kifuani, hahitaji adui. Watu wanatosha.

"Motere ilizimika," Elysée alisema. "Papa André hakuogopa. Alicheka. Alisema, njo maana niko na telefone ya satelite. Akatoa antena, akaibandika kwa kifuniko."

Hilo Myriam alilijua, kama kila mtu aliyewahi kusafiri kwa boti upande ule ambako minara ya simu haifiki. Antena zile zina sumaku chini, zimetengenezwa kwa paa la gari. Boti ya mbao haina paa la chuma, kwa hiyo watu wa ziwa hubandika antena juu ya kifuniko cha bati cha sufuria kubwa ya kilio, wakakiinua juu ya magunia. Waliozitengeneza wangecheka, lakini hufanya kazi.

"Ikakamata?"

"Hapana. Inatafuta, inatafuta tu. Alizungusha kifuniko kila upande. Mbingu ilikuwa wazi, mama, hata wingu hakuna. Alipiga ile telefone kwa paja, akatukana, akaomba Mungu, akatukana tena."

"Angetumia antena ya telefone yenyewe."

"Ilivunjika zamani. Gunia iliangukia. Bila ile ya inje, telefone ni jiwe."

"Alikuwa anapigia nani?"

Elysée aliangalia sakafu. "Mama Anne wa Moba. Iko na boti ya motere mbili. Safari ingine tulizimika, njo alikuja kutukokota."

"Mama Anne ni nani kwake?"

"Muulize yeye."

"Bibi ya André, yule mujane, anasema alikuona ufukweni asubuhi ya safari, na kisu mukononi, unakata waya ya antena."

"Nikate waya, na mimi mwenyewe napanda ile boti?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Muntu anaweza kutoboa mutumbwi wenye amekalia?"

Hoja ilikuwa nzuri. Tatizo la hoja nzuri ni kwamba hata waongo wanazo. Myriam hakumuuliza kwa nini dumu lilikuwa kifuani pake na si kifuani pa mtoto. Swali hilo lingemfaa padri.

Akaagiza simu iletwe uani. Akamwita pia Anatole, fundi wa redio moja ya mjini, mtu aliyesoma mambo ya mawimbi Lubumbashi na ambaye hakumwacha mtu yeyote asahau hilo. Anatole alikuja na kipimo chake, antena yake ya akiba na waya wake, akavitandaza juu ya meza chini ya anga tupu. Chérubin, mdogo wa André, alikuwa tayari amesimama getini na wenzake wawili. Alikuwa hapo tangu asubuhi, akidai apewe Elysée "kwa ajili ya maswali machache."

"Ingia, Papa Chérubin," Myriam alimwita. "Wenzako wabaki. Njoo uone haki inavyopikwa."

Anatole alichomeka antena yake kwenye simu ya marehemu. Wakangoja. Kioo kikawaka, simu ikalia mlio mmoja mfupi: imekamata.

"Telefone ni nzima," Anatole alisema. "Haikunywa hata tone ya mayi. Na ndani iko na unite ya kutosha kupiga."

Akachomoa, akachomeka antena ya marehemu pamoja na waya wake. Wakangoja tena. Jua likawachoma shingo. Simu ikatafuta, ikatafuta, ikakata tamaa.

"Si mnaona?" Chérubin alipiga meza. "Waya imekatwa! Mimi nilisema! Huyu mutu wa Ankoro alituua!"

Myriam alikuwa anatazama utepe mweusi uliozungushwa karibu na kichwa cha waya. Ulikuwa mpya.

"Nani alifunga hii?"

Chérubin aliondoa mkono wake mezani. "Mimi."

"Kumbe. Na boti ya kaka yako sasa inarudi kwa nani? Motere je?"

"Mama OPJ, boti iko chini ya ziwa!"

"Iko na ingine pale ufukweni, niliiona. Imepakwa rangi mupya." Akachukua wembe, akaanza kuufungua utepe polepole huku akimtazama usoni. Jasho lilimtoka Chérubin puani. Myriam alifurahia jasho lile, na hakuificha furaha hiyo. Lakini chini ya utepe risasi ya kuchomea ilikuwa safi, na nyuzi za shaba zimekaa kila moja mahali pake. Ilikuwa kazi nzuri ya fundi mwaminifu.

"Kaka aliniomba niichomee, ilikuwa inalegea," Chérubin alisema. "Jioni ya kuamkia safari. Tukaijaribu mbele ya nyumba yake, ikakamata vizuri. Akaiingiza ndani. Asubuhi alienda nayo ufukweni ndani ya mufuko. Uliza majirani."

"Nitawauliza. Papa Anatole, pima."

Anatole aligusisha sindano za kipimo kwenye ncha mbili za waya, akakunja uso. Akapima tena.

"Ajabu. Kama waya ingekatwa, kipimo ingesema njia imekufa. Hapa njia ya ndani na ile ya inje zinagusana mahali. Haikukatwa. Iliunganishwa."

"Yaani kisu hakiwezi kufanya hivi?"

"Kisu inatenga. Hii ni kinyume."

Basi yule mjane aliyeapa kwa Biblia kwamba aliona kisu kikikata waya alikuwa ameona kitu ambacho hakikutokea. Myriam alilitafakari hilo huku akiushika waya, akiupitisha kati ya vidole. Ulikuwa laini mwanzo hadi mwisho, wala haukuwa na jeraha. Shaba ndani, shaba iliyosukwa nje yake, plastiki juu. Akaitazama antena iliyolala ubavu mezani, sumaku yake nzito juani.

Akaukunja waya, akauburuta juu ya sumaku, kipande kwa kipande. Shaba haina habari na sumaku. Uliteleza, uliteleza, halafu kiganja kimoja kutoka mwisho, ukang'ang'ania.

Akauvuta. Ukarudi ukang'ang'ania palepale.

"Iko chuma humu ndani," alisema.

Alipasua plastiki kwa wembe. Sindano ilikuwa imeingia mshazari, ikavunjwa kwa koleo usawa wa ngozi ya waya ili isionekane. Akaitoa kwa ukucha, akaiweka juu ya karatasi nyeupe. Ilikuwa na tundu, lakini tundu halikuwa kwenye matako ya sindano kama sindano ya mkono. Lilikuwa kwenye ncha. Na ndani ya tundu ulibaki uzi wa buluu, mfupi kama kope.

Sindano ya cherehani. Chérubin aliitazama, akamtazama Myriam, na taratibu akaanza kurudi nyuma kuelekea getini.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Kwa kilio."

"Hapana. Utalala humu kidogo, karibu na Elysée."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa kumupiga mufungwa wangu na kasia. Muongee. Muna mengi ya kuambiana."

Polisi wa zamu alipokuwa anamsukuma Chérubin ndani, Myriam alikuwa ameshapata namba ya Moba. Mwanamke aliyepokea hakuwa na machozi kwenye sauti. Yalikuwa yamekwisha.

"Nilijaza mafuta," Anne alisema. "Aliniambia jioni, mbele ya kuondoka, motere inakohoa, ikizimika nitakupigia. Nilikaa na telefone mukononi mpaka jua likazama. Angepiga mara moja tu, ningewafikia. Ziwa lile nalijua."

"Ulikuwa nani kwake?"

"Kilio ni ya bibi yake. Mimi nalilia kwangu."

Msiba ulikuwa mtaa wa Kataki. Magodoro yalikuwa nje, wanawake wameketi juu ya mikeka wakiimba nyimbo za kanisa kwa sauti zilizochakaa. Précieuse, mjane, aliketi katikati, kitambaa kimefungwa kichwani, macho yamevimba. Alipomwona Myriam hakungoja hata pole.

"Mama OPJ, yule muuaji anaenda lini?"

"Pole sana, mama. Tuingie ndani kidogo, tuongee sisi wawili."

Chumba cha ndani ndicho kilikuwa chumba cha kazi. Cherehani ilikuwa karibu na dirisha, na juu yake kibunda cha uzi wa buluu. Vipande vya kitambaa cha sare ya shule vilikuwa bado sakafuni. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuvifagia. Myriam aliona vyote hivyo, akaketi, akavua kofia yake ya polisi na kuiweka mapajani, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi.

"Ataenda kesho," alisema. "Lakini iko kitu kinanisumbua. Nimeongea na Anne wa Moba."

Précieuse aliinua kichwa. Uchungu wote uliokuwa usoni ulisogea, ukapisha kitu kingine.

"Anasema nini?"

"Analia. Analia sana, utasema ni mujane."

"Hana haki!" Précieuse aligonga goti. "Hata machozi anataka kuniibia? Miaka yote ile alikuwa anamupigia André, André anamupigia. Bwana yangu iko katikati ya ziwa, mimi sisikii hata neno, lakini yule anasikia! Ile telefone alisema ni ya hatari za safari. Hatari gani? Hatari ilikuwa ni Anne!"

"Na weye ulikaa tu, ukiangalia?" Myriam aliinama karibu. "Miye nisingekaa. Bwana yangu wa kwanza nilimufunga kwa munganga, akatulia kama kondoo." Hajawahi kuwa na bwana wa kumfunga, wa kwanza wala wa mwisho, lakini uongo wa kazini haumpeleki mtu kuungama.

Précieuse alitazama mlango. Nje walikuwa wameanza wimbo mwingine. Akateremsha sauti, na humo ndani ya sauti, Mungu amsamehe, mlikuwa na fahari kidogo.

"Sikukaa. Nilivuka muto wa Lukuga, nikaona munganga. Akaniuliza, sauti ya bwana yako inapita wapi kwenda kwa yule mwanamuke? Nikasema, kwa ile waya ya antena. Akasema, chukua sindano yenye imeshona nguo ya damu yake, ipitishe mule, uivunje mule. Mudomo wake na masikio ya yule mwanamuke havitakutana tena."

"Ukaipitisha."

"Asubuhi ya safari. Alikuwa anaoga. Nilikuwa namaliza inifomu ya Abigaël. Nikachomoa sindano ya masini na uzi wake, nikafanya vile aliniambia." Akapangusa pua kwa ncha ya kitenge. "Si kosa, mama. Kila mwanamuke anajilinda. Nilikusudia tu amusahau."

"Si kosa," Myriam alikubali. "Na Elysée, ulimuona kweli na kisu?"

"Alikuwa nacho."

"Anakata nini?"

"Kamba ya magunia."

"Si waya."

"Alikuwa na kisu, mama!" Sasa alikuwa analia tena, kilio cha kweli kilichomtingisha mabega. "Mutoto wangu alirudi amevimba, hata uso wake sikuujua, nilimujua kwa inifomu. Yule nahodha akatembea kwa miguu yake. Chérubin akaniambia, sema ulimuona anakata, na mimi nikasema. Muntu mumoja lazima alipe!"

"Hapo tunasikizana," Myriam alisema.

Akafungua karatasi nyeupe, akaiweka juu ya cherehani. Précieuse aliitambua sindano mara moja. Aliitambua pia hatari, lakini hatari isiyo yake: alidhani anaaibishwa kwa ajili ya manga, uchawi wa yule mganga.

"Niliitoa mbele ya mashahidi wawili," Myriam alisema. "Sasa usikize vizuri, maana nitasema mara moja. Ile waya iko na njia mbili, moja ndani ya ingine. Hazipashwi kugusana. Zikigusana, antena inakufa. Sindano yako njo iliziunganisha."

"Ile ni ya mudomo wa Anne."

"Telefone haijui Anne."

"Munganga alisema ni kwa yule mwanamuke peke yake."

"Jioni ilikamata, Chérubin alishuhudia. Asubuhi uliichoma. Siku ile motere ilizimika, mbingu wazi, na Anne anangoja Moba na boti ya motere mbili, mafuta ndani. Bwana yako alipiga, akapiga. Kama ungeiacha antena vile ilikuwa, leo ungekuwa unagombana naye hapa."

Myriam angeweza kuishia hapo. Aliendelea.

"Na juu ya yule mwanamuke hukukosea. Alikuwa wake kweli. Njo maana angekuja."

Précieuse hakupiga yowe. Alishika gurudumu la cherehani kwa mkono wa kulia, akalizungusha nusu, na mkono wa mashine ukapanda na kushuka bila sindano. Alifanya hivyo mara kadhaa. Alikuwa anaelewa, na kuelewa kulimpanda kama maji yanavyompanda mtu aliyefungwa miguu.

"Abigaël alikuwa mule," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi njo nilisema aende na baba yake. Kwa barabara ni mbali, nilisema. Kwa boti iko telefone."

Myriam aliikunja karatasi yenye sindano. Lile hakuwa analijua, na lilimuuma mwenyewe.

Mjane alimshika mkono ghafula, kwa nguvu, kucha zikaingia. "Mama, weye ni mwanamuke. Nisikize. Elysée hana bibi. Hana mutoto. Kwao ni Ankoro, nani atamulilia hapa? Acha vile ilikuwa inaenda. Mimi nimeshazika. Unataka wale walio inje wanifanye nini? Mama mukwe yuko pale!"

Hasira ilimpanda OPJ Myriam Kabulo, hasira tupu, na hata huruma aliyoisukuma pembeni asubuhi haikupata nafasi ya kurudi. Mwanamke huyu aliua kwa ujinga, na ujinga husameheka. Sasa alikuwa anaua kwa akili timamu.

"Simama."

"Basi tupite nyuma. Mama, nakuomba. Mulango wa nyuma."

Mlango wa nyuma ulikuwepo, wazi. Myriam alivaa kofia yake, akamshika mkono, akampitisha mbele. Wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Mama mkwe wa Précieuse, bibi mfupi mwenye majivu usoni, aliuliza mke wa mwanawe anapelekwa wapi, na Myriam akamjibu kwa sauti iliyofika mpaka mkeka wa mwisho: "Anaenda kumutoa nahodha." Walifika barabarani kabla ya jiwe la kwanza.

Kasho ya polisi ina mlango mmoja na korido moja, kwa hiyo anayeingia na anayetoka lazima wapishane. Myriam aliandika maelezo, Précieuse akatia kidole gumba, polisi wa zamu akafungua. Chérubin alibaki ndani kwa ajili ya makasia na kwa ushahidi wa kufundishwa. Elysée alitoka ameshika ukuta. Alikuwa amesikia kila kitu, maana biro ile, ofisi ya OPJ, haina dari.

Précieuse alipiga magoti koridoni. "Elysée. Unisamehe. Sikujua."

Nahodha alisimama. Angeweza kupita. Angeweza kunyamaza, na Myriam, aliyekuwa nyuma yake na ufunguo mkononi, kwa mara ya kwanza siku ile alitamani mtu anyamaze. Lakini mgongo ulikuwa unamwaka, na uongo wa waya ulitoka kwa mwanamke huyu.

"Papa André alipochoka kumupigia Anne, alitupa telefone chini," Elysée alisema. "Mutoto wako njo aliiokota. Akasema, basi tumupigie mama, mama atatafuta watu. Akapiga namba yako. Aliishika kwa sikio mpaka mawimbi yakaanza kuingia."

Précieuse alimtazama kutoka chini, mdomo wazi.

"Akaniambia: mama hakamati, nitamupigia nikifika Moba."

Akajishika ukutani tena, akampita, akatoka nje kwenye jua akichechemea.